Mawifi Wawili na Radi Moja

Katika nyumba ya kinyozi, ngurumo ya kwanza ikisikika, kila mtu alikuwa na kazi yake. Mke wa kinyozi alifunga madirisha. Dada wa kinyozi aliyafungua. Kinyozi mwenyewe aliendelea kunyoa.

Mambo yalikwenda hivyo miaka mingi, hata wateja wa zamani wakajua pa kukaa. Asiyependa joto alihamia upande wa nyuma, asiyependa kulowa alibaki upande wa mbele, na yule aliyekuwa kwenye kiti, shingo imefungwa kitambaa na povu limemjaa mashavuni, alimwachia Mungu.

Nyumba yenyewe haikuwa kubwa. Chumba cha mbele, kinachotazama barabara, kilikuwa saluni: kiti kimoja cha kuzunguka, benchi la wanaosubiri, na vioo viwili vikubwa vilivyotazamana, hivi kwamba ukikaa katikati unajiona umejipanga foleni peke yako. Nyuma ya saluni kulikuwa na korido nyembamba, chumba cha kulala cha kinyozi na mkewe, jiko, na mwisho kabisa chumba cha dada mtu. Huyu alikuwa dobi. Humo alilala na humo alipiga pasi, na dirisha lake lilitazama uani, kwenye kamba za nguo. Watoto wa mtaa walimwita Shangazi, na jina likashika hata kwa watu wazima waliomzidi umri.

Mke wa kinyozi hakuzua hofu yake. Aliitoa kwao. Alipokuwa mdogo, radi iliingia nyumbani kwao kwa dirisha la jikoni, ikapita katikati ya sufuria na vijiko bila kugusa kitu, ikaenda moja kwa moja kwenye kioo cha baba yake kilichoning'inia ukutani na kukipasua vipande viwili kama mkate. Mama yake alikuwa amesimama karibu, kambeba mtoto mchanga. Hakupata hata mkwaruzo, ila nywele zilimsimama, na kutwa nzima alisema anasikia ladha ya chuma mdomoni. Tangu siku hiyo ukoo wao ulikuwa na hakika ya jambo moja: radi ikijiona kwenye kioo hudhani imemwona ndugu yake, nayo huja kumsalimia. Dawa ni kuziba kila tundu na kufunika kila kinachong'aa.

Shangazi naye alikuwa na lake, na alilipata kwa baba yao, yeye na kinyozi. Mzee yule alisema radi si adui, ni mgeni aliyepotea njia. Mgeni akiingia kwako kimakosa humfungii mlango akiwa ndani, unamwachia njia atoke. Mawingu yakikaza, mzee alifungua milango na madirisha yote, akaketi kwenye kigoda katikati ya nyumba, mvua ikimrukia miguuni, akawa anasema kwa upole, "Pita, pita, njia ile pale." Jirani yao aliyejifungia ndani aliunguliwa na paa. Mzee mwenyewe alikufa kitandani, uzeeni, meno yakiwa yamebaki ya kuhesabika. Nani angembishia?

Kinyozi alilelewa na baba huyohuyo, lakini yeye alikuwa mtu wa usingizi. Ngurumo zilimbembeleza tangu utotoni. Hakufunga, hakufungua.

Shangazi alihamia kwa mdogo wake baada ya kufiwa na mumewe, na hakwenda kwa kuomba. Ni wifi yake aliyemfuata. Alikuja na mkokoteni wa kukodi, akapakia pasi, mabeseni na meza ya kupigia pasi kabla mwenyewe hajasema ndiyo wala hapana, akamwambia kuwa chumba cha nyuma kinaota vumbi na vumbi halisaidii mtu kupika. Walifika wakicheka. Walicheka hadi siku ya mvua ya kwanza. Mmoja akafunga, mwingine akafuata nyuma akifungua, na walipokutana jikoni kila mmoja alikuwa ameshika komeo moja la dirisha kwa upande wake.

"Wifi, unataka kutuua."

"Na wewe, wifi, unataka kutuzika tungali hai."

Baada ya misimu miwili ya kuvutana waliwekeana mpaka. Upande wa mbele ukawa wa mke wa kinyozi: madirisha yafungwe, vioo vifunikwe shuka, mikasi na nyembe zifungwe kwenye taulo. Upande wa nyuma ukawa wa Shangazi: kila kitu wazi. Mpaka ulipita katikati ya korido. Tatizo likawa moja. Mvua ilipoingia kwa Shangazi, ilikuta nguo za watu zilizokwisha kupigwa pasi, naye ilimbidi azikumbatie rundo zima na kukimbilia nazo upande wa mbele, uliofungwa na mkavu. Wifi yake alimpokea nguo zile kwa heshima zote, akazilaza kitandani, kisha akamuuliza kama ameshaona kuwa dirisha lililofungwa nalo lina faida zake. Shangazi alijibu kwamba amekuja kuzipumzisha tu, na kwamba huku mbele kuna joto la kuangulia mayai.

Saluni nayo ilikuwa na mambo yake. Mke wa kinyozi aliingia na shuka mikononi wakati wowote, awe mteja nani. Alimwomba radhi, akafunika kioo cha kulia, akafunika cha kushoto, akaondoka na mikasi. Kinyozi alikuwa ameshauficha wembe mmoja kiganjani. Alimaliza kazi kwa kupapasa, kama mtu anayetafuta kiberiti gizani. Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, mteja wa tangu na tangu, aliwahi kutoka pale na sharafa moja, ya kushoto. Alisema hakujua mpaka watoto wake walipomuuliza ile nyingine amemwachia nani.

Fundi huyuhuyo ndiye aliyejaribu siku moja kumtoa mama yule hofu. Alimweleza kwamba ukishausikia mlio, ujue radi yenyewe imeshapita, basi kuna haja gani ya kuhangaika? Mke wa kinyozi alikuwa juu ya benchi akichomeka pembe ya shuka. Akageuka.

"Aliyepita hawezi kurudi? Mbona wewe jana ulipita, na leo tuko nawe?"

Benchi zima lilicheka, na mwenye kucheka zaidi alikuwa kinyozi, kwa siri, kichwa ameinamisha, mabega yakimtikisika hadi mteja akamwomba aweke wembe chini kwanza.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo mama yule alilifanya bila mtu kuliona, kama vile mtu asivyouona msingi wa nyumba anayolala. Kinyozi na dada yake hawakuwa wakisemeshana. Hawakugombana, la. Walikuwa tu watu wa maneno machache, waliokulia kwa baba aliyeongea na radi zaidi ya alivyoongea na wanawe. Shangazi akiwa na neno, alisema, "Wifi, mwambie mumeo kaptula yake imechanika nyuma." Kinyozi akiwa meza ileile, alisema, "Mwambie dada nimesikia." Mkewe aliwakemea kwamba kila mmoja ana masikio yake, lakini maneno aliyabeba, na njiani aliyafuta vumbi. Lililotoka upande huu likiwa "aache kunichafulia korido kwa nywele zake" lilifika upande wa pili likiwa "dada yako anauliza kama ufagio mpya ukinunuliwa utaupenda." Kwa hiyo waliishi kwa amani, na kila mmoja alimwona mwenzake ni mpole kuliko alivyokuwa.

Kifua kilimshika mama huyu msimu wa joto, wakati anga halikuwa na wingu hata la kusingizia. Shangazi ndiye aliyemuuguza. Alimgeuza, akamwosha, akampigia pasi kanga ili zimguse zikiwa na uvuguvugu. Mgonjwa alikuwa akifumbua macho mchana kweupe na kuuliza, "Wifi, mawingu vipi?" Shangazi alikwenda dirishani, akatazama kama kwamba kweli kuna cha kutazama, akarudi kumwambia hakuna, lala. Siku ya mwisho hakuuliza. Shangazi alikwenda dirishani hivyohivyo.

Baada ya mazishi na baada ya wageni kutawanyika, nyumba ilibaki na watu wawili waliozoea kusemeshana kupitia mtu wa tatu, na mtu wa tatu hayupo. Jioni walikula wametazamana. Shangazi alianza, "Mwambie..." akanyamaza, akasogeza chumvi. Kinyozi alishukuru kwa kutikisa kichwa. Wahenga wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini kimya cha nyumba ile kilikuwa kimya tu. Kilikaa kitini kama mpangaji.

Ndipo alipokuja mtoto wa kinyozi na marehemu mkewe, ambaye utotoni walimwita Mzito kwa vile alivyozaliwa, na ambaye sasa alikuwa mtunza stoo katika mji mwingine, kwenye ghala la saruji. Alikuwa mtu mzima, mwenye mke na watoto, mwenye kupanga mambo kama anavyopanga mifuko. Alimwambia baba yake kwamba haiwezekani kuwaacha hivi. Kwake kuna chumba. Baba aje akae na wajukuu, apumzishe mikono, nyumba ipangishwe. Shangazi naye asihofu, amekwisha kuzungumza na binamu yao na binamu amekubali kumpokea kwa muda. Hakusema ni muda gani, na Shangazi, aliyekuwa akiyasikia haya kutoka kwenye meza yake ya pasi, mlango ukiwa wazi, alielewa kwamba kwa binamu ataishi kama mwavuli wa mgeni: haujatupwa, lakini kila mtu anangoja mwenyewe aje auchukue.

Kinyozi alijibu kwamba atafikiri. Mvua zikianza, atatoa jibu.

Shangazi alijua mdogo wake anafikiri nini. Alimjua tangu akibebwa mgongoni. Anataka kwenda kwa mwanawe na wajukuu, nani asiyetaka? Ila anaona haya kumwacha dada mtu njiani. Basi alikata shauri kumrahisishia. Hangemwambia, maana wa kumpelekea neno hayupo. Angemwonyesha. Alianza kuwarudishia watu nguo zao na kutopokea nyingine. Aliwaambia wateja wake mmojammoja kwamba mgongo umechoka, watafute dobi mwingine. Kamba za uani zikaanza kuwa tupu. Rundo la kitandani likapungua hadi likabaki la mtu mmoja, muuguzi wa zahanati, mashati meupe. Usiku alilala akiutazama ukuta, akijiuliza kama pasi yake itapata hata msumari wa kutundikiwa huko aendako. Lakini asubuhi aliamka na uso mkavu. Na kinyozi, kila alipopita uani na kuziona kamba, alizitazama kwa muda, akaenda zake.

Mvua ilikuja Jumamosi, baada ya adhuhuri, muda mfupi baada ya Mzito kushuka kwenye basi. Alikuwa amekuja kuchukua jibu. Alikuta fundi viatu yuko kwenye kiti, povu shavu zima, akaketi kwenye benchi kungoja baba yake amalize. Nje, upepo uliinua vumbi na karatasi, kisha ukaviacha hewani kama umesahau ulitaka kuvipeleka wapi. Mchana ukawa wa rangi ya shaba. Kisha mbali, nyuma ya mapaa, kitu kizito kiliburutwa angani.

Chumbani kwake Shangazi alikuwa na shati la mwisho la muuguzi. Alichomoa waya wa pasi, akaenda dirishani kulifungua zaidi, mkono ukiwa umekwisha kunyooka. Ukasimama. Alikuwa anangoja. Alichongoja ni sauti ya kandambili kwenye korido, na mtu wa kusema, "Wifi, unataka kutuua." Korido ilikuwa kimya. Leo angeweza kufungua kila kilicho na bawaba katika nyumba ile, hadi kabati, na asimzuie mtu.

Alilifunga. Haikuwa kazi ndogo, kwa sababu dirisha lile halikuwa limefungwa wakati wa mvua tangu ahamie, na mbao zilikuwa zimevimba zikazoea kukaa wazi. Alilisukuma kwa bega, akalipiga kwa kiganja, komeo likaingia. "Haya, wifi," alisema kwa sauti ya chini. "Umeshinda." Akatoka kwenda jikoni kufunga la huko.

Alipokuwa jikoni, hakujua kwamba mdogo wake ameinuka saluni na kumwacha fundi viatu na povu lake. Hakumwona akipita. Alisikia hatua, lakini alidhani ni za Mzito. Alifunga la jikoni, akapitia uani chini ya mapaa, matone makubwa yakimpiga mabegani, akaingia chumba cha kulala cha mdogo wake kwa mlango wa nje ili afunge dirisha la wifi, lile lenye pazia la maua, dirisha la kwanza kufungwa kila mvua.

Lilikuwa wazi. Limefunguliwa hadi mwisho na kuwekewa kijiti lisijifunge.

Alifikiri ni upepo, ingawa hajawahi kuona upepo unaoweka kijiti. Akalifunga. Akarudi kwake kwa korido ili achukue shuka za kufunikia vioo. Dirisha lake mwenyewe, alilolipigania kwa bega, lilikuwa wazi, na mashati ya muuguzi yameanza kurushiwa maji.

Nywele zilimsimama. Alitazama huku na huku, akashika meza.

"Wifi?" alisema. "Ni wewe?"

Mara akajijibu. Wifi hawezi. Hata akiwa marehemu, yule hawezi kufungua dirisha ngurumo zikilia. Angefunga hata la mbinguni. Basi kama si upepo na si wifi, kuna mtu mmoja tu. Akayakusanya mashati, akachukua shuka mbili, akatoka kwa hasira, na katikati ya korido akamgonga mdogo wake kifua kwa kifua. Mzee wa watu alikuwa amelowa kichwa chote, mkononi ana kijiti cha pili.

"Nani anafunga madirisha?" aliuliza kinyozi.

"Nani anayafungua?"

"Mimi."

"Tangu lini wewe ukajua radi inapita wapi? Si unalala?"

"Nilikuwa nakufungulia wewe," kinyozi alisema. "Leo hakuna wa kukuzuia. Nikasema angalau mara moja ufunguliwe nyumba nzima, mbele na nyuma, kama kwa baba. Na wewe unafunga nini?"

"Nafunga kwa ajili yake."

Walisimama pale, mmoja na shuka, mwingine na kijiti, maji yakichuruzika kati ya miguu yao. Ilikuwa mara ya kwanza, tangu kufiwa, kusemeshana maneno zaidi ya "chai" na "lala salama." Hawakuwa na muda wa kuliona hilo. Mwanga mweupe uliingia kutoka pande zote kwa pamoja, na kabla haujazimika ukafuata mlio kama bati la mji mzima limekunjwa mara moja. Kutoka saluni walisikia kitu kinaanguka.

Walikimbia. Fundi viatu alikuwa chini, amejikunyata kando ya kiti, povu limemhamia sikioni. Alisema hakuanguka, ameshuka. Lakini hawakumtazama sana, kwa sababu Mzito alikuwa amesimama juu ya benchi, na viatu vyake vya safari, mikono juu, ameliwamba koti lake zuri juu ya kioo kikubwa na kulikandamiza kwa viganja vyote viwili. Kioo cha pili alikuwa amekitundikia kitambaa cha kunyolea, kikafika nusu tu. Mtunza stoo, baba wa watoto watatu, alikuwa anahema.

"Shuka sikuziona," alisema. "Mama angenitoa roho."

Shangazi alimpelekea shuka. Walifunika vioo pamoja, yeye akishika pembe hii na kijana pembe ile. Kijana alijua pa kuchomeka bila kuambiwa. Walipomaliza waliketi kwenye benchi, wote watatu kwa safu, na fundi viatu akarudi kitini pake. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba ilibidi mtu apaze sauti, na kwa desturi ya marehemu wakati huo haukuwa wa maongezi. Lakini Mzito alikuwa na basi la kurudi, na kimya cha watu wale wawili kilimtisha kuliko radi. Akasema kwamba ameyaona yote, wazee wawili wanazungukana kama kuku, huyu anafungua, huyu anafunga, wamelowa, kesho watashikwa na kifua kama Mama. Yeye hawezi kulala kwa kuwafikiria. Baba atoe jibu.

Kinyozi alijifuta uso. Akamwambia mwanawe, "Muulize shangazi yako anaondoka lini. Akishaondoka yeye, na mimi nitakuja."

Naam. Ndivyo Shangazi alivyojua. Akamgeukia kijana. "Mwambie baba yako asinisubiri. Mimi mizigo yangu ni midogo."

Kijana alifungua mdomo kumgeukia baba yake, na neno likiwa tayari kwenye ulimi akaufunga. Aliwatazama, mmoja kulia, mmoja kushoto, mabega yao yakigusa yake.

"Hapana," alisema. "Mimi si Mama. Semeni wenyewe."

Mvua iliendelea. Shangazi aliyatazama mashati ya muuguzi mapajani mwake, akaanza kukunja kola ambayo ilikuwa imekwisha kukunjwa. Alihisi kama siku ile ya kuhamishwa, mkokoteni uko mlangoni, ila safari hii hapakuwa na wa kusukuma.

Aliyeanza ni kinyozi. Alisema akitazama shuka iliyofunika kioo.

"Dada. Umeacha kupokea nguo."

"Nimeacha."

"Kamba tupu. Kila nikipita, tupu. Nikasema, dada kachoka kukaa na mimi. Alikuwa anakaa kwa ajili ya wifi yake, na wifi yake hayupo, mimi kinyozi na nywele zangu za korido nitamshika kwa kipi? Nikasema sitamzuia. Akishaondoka na mimi nitaondoka. Nyumba hii nitakaa na nani?"

Shangazi aliacha kola.

"Mimi nimeacha nguo ili wewe uende kwa wajukuu bila kuangalia nyuma. Nilijua unanionea haya."

"Haya ya nini?"

"Ya kuniacha."

"Nani alisema nataka kwenda?"

"Hukusema hutaki."

"Ningemwambia nani?" alisema kinyozi, na sauti ikamponyoka njiani, ikatoka nyembamba kama ya mtoto aliyebebwa mgongoni.

Shangazi hakumshika mkono, kwa kuwa kati yao alikuwa ameketi mtu mzito. Alisema tu, kwa kupaza, mvua isije ikalimeza, "Uniambie mimi. Siendi kokote isipokuwa unifukuze. Na ukinifukuza nitafungua madirisha yote kwanza."

"Kwa hiyo," alisema fundi viatu polepole, akihesabu kwa kidole chenye povu, "huyu anaondoka kwa sababu yule anaondoka, na yule anaondoka kwa sababu huyu anaondoka, na mimi ndevu zangu zinangoja safari ya nani?"

Mzito ndiye aliyecheka wa kwanza. Alicheka akiwa ameinamisha kichwa, mabega yakimtikisika, na alipoinua uso alikuwa amelowa kuliko wote. Akasema basi, sawa. Chumba chenyewe ni cha watoto, na walikuwa wameshaanza kununa. Lakini akawawekea masharti: likizo za shule atawaleta wajukuu wakae hapa, na wazee nao waache kukimbia mvuani. Shangazi alimwambia masharti ya mtu anayepanda benchi na viatu hayasikilizwi. Mzito akainuka haraka kupangusa alama za soli kwenye benchi.

Basi lake lilichelewa kwa sababu ya mafuriko barabarani, kwa hiyo alikula nao. Waliagana naye mlangoni, naye akaondoka na koti lililokunjamana, akakataa lipigwe pasi.

Mvua ilikuwa imekatika na mwanga wa jioni umerudi, msafi, ukiwaka kwenye madimbwi. Shangazi alivaa viatu vya mpira, akafunga kanga kiunoni, akachukua lile beseni kubwa. Mashati yale meupe ya muuguzi yalikuwa lazima yafuliwe upya, hilo lilikuwa moja. Lakini alikuwa na nyumba nyingine za kupitia kabla giza halijaingia: ya mwenye duka, ya walimu wawili, ya mama mwenye mapacha. Alitaka kila mmoja amsikie kwa kinywa chake kwamba mgongo umepona. Aliyekwisha kutafuta dobi mwingine angembembeleza. Angeanza kwa mama wa mapacha, ambaye kwa vyovyote nguo zingekuwa zimemfika shingoni.

Kwa mama huyo alipewa mafungu mawili ya nguo mara moja na baraka juu. Alipogeuka na kutoka getini, akiwa ameelemewa, akiyumba kwenye utelezi, alimkuta mdogo wake kasimama ng'ambo ya dimbwi, suruali ameikunja hadi magotini. Alikuwa amefunga saluni mapema. Alinyoosha mikono kupokea fungu moja.

"Pitia kulia," alisema. "Kushoto pamebomoka."

"Kulia kuna matope."

"Matope hayaui, dada."

"Na nguo za watu je? Wewe nipe, kama huwezi kuzishika juu."

"Nimezishika juu."

"Hujazishika. Ncha ile inaburuta."

Akaiinua ncha. Walipita kulia, wakakwama, wakarudi kupita kushoto, wakakwama huko pia, na walibishana njia nzima hadi nyumbani, kwa sauti ya kusikika na mtaa wote, wala hakuna aliyesema mwambie.